Tepu Yangu Matondoni

Basi liliondoka Mombasa alfajiri, likapita Malindi na Garsen, likanishusha Mokowe vumbi likiwa limenijaa hadi kwenye kope. Sikuwa nimewahi kufika Lamu. Abiria wenzangu kwenye boti ya kuvukia kisiwani walibeba vitu vya kueleweka: magunia, ndoo, kuku. Mimi nilikuwa na tepu ya fundi cherehani na kikebe cha jometri, kwa sababu muhula ule gredi ya tisa ilikuwa imenishinda. Nikiwaambia wakuze mstatili wa sentimita 3 kwa 5 mara mbili, nusu ya darasa wanaongeza mbili kila upande, wananiletea 5 kwa 7. "Si umekuwa mkubwa, mwalimu?" Ni mkubwa, ndiyo. Ila umbo limeshaponyoka: ulitakiwa uwe 6 kwa 10.

Kesho yake nilipanda mashua hadi Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi. Harufu ya sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo, ilitupokea kabla hatujatia nanga. Ufukweni, jahazi lilikuwa limepandishwa juu ya magogo, na vijana wawili walikuwa wakilikalafati, wakisokomeza pamba iliyolowa mafuta baina ya mbao kwa patasi na nyundo, tap, tap, bila kuinua macho.

Kando yao mzee mmoja alikuwa akichonga majahazi madogo ya kuuzia wageni. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, nikaomba kupima. Alicheka, akanishikia ncha ya tepu.

Jahazi la kweli lilikuwa la pima tano, kama mita 9, na upana wake mita 2.4. Dogo lilikuwa na urefu wa sentimita 60 na upana wa 20. Nikapiga hesabu mchangani kwa kijiti. Urefu umepunguzwa mara 15, upana mara 12 tu. Nilirudia kupima nikidhani tepu imelegea. Kumbe nilikuwa nimedanganywa na milingoti: yote miwili, mkubwa na mdogo, iliinamia omo kwa pembe ileile, nami nikaona pembe moja inatosha kuapia.

"Mzee, huyu si mtoto wa yule. Amenenepa."

"Nimemnenepesha mimi," akasema. "Nikimpa upana wake wa haki, ataanguka mezani kwa Mzungu."

Alikuwa na jingine, dogo zaidi. Urefu sentimita 45, upana 15. Mlingoti wa lile la kwanza ulikuwa 48, wa hili 36. Robo tatu, robo tatu, robo tatu! Hao ndio ndugu kweli, ingawa hakuna aliyefanana na baba. Mzee hakuwa na rula. Alipima kwa kijiti alichokitia alama za kisu, kila jahazi na kijiti chake.

Nilitaka lile dogo nikawaonyeshe wanafunzi. La kwanza alilitaja shilingi 4,000, basi nikampa 3,000, nikijiona mjanja wa uwiano.

"Hili pia elfu nne, mwalimu."

"Lakini ni robo tatu!"

Aliniwekea viganja vyake mbele ya uso, vimejaa makovu ya tezo. "Mbao imepungua. Vidole hivi vimepungua?"

Nikaongeza elfu moja.