Gitaa la Kufa na Kuzikana

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: iwapo ningeruhusiwa kumiliki gitaa kavu moja tu hadi kufa kwangu, ningechagua lipi? Nilijibu bila kusita: lenye mgongo na mbavu za mpingo.

Nimewahi kulipakata mara moja tu, dukani ughaibuni. Nyuzi nene zilinguruma, nyembamba zikalia bila mikwaruzo, na sauti ikakawia kufifia. Kisha nikasoma bei: ilizidi mishahara yangu ya miezi kadhaa. Nikalirejesha ukutani.

Mti huo huota kwetu, katika misitu ya Kilwa na Nachingwea, na huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya mbao zake inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Hata hivyo, sisi huuza vipande vya mbao, wenzetu huuza ala. Si kwamba hatuna mikono. Vinyago vya Wamakonde ni ushahidi tosha. Kinachopungua ni mafunzo, mtaji na nia ya wenye mamlaka.

Kwa sasa ninapiga gitaa langu la plaiwudi, lenye ufa uliozibwa kwa gundi. Sitalitupa. Lakini lile la kufa na kuzikana nalo ninasubiri lichongwe na fundi wa hapa nyumbani, na risiti yake iandikwe kwa shilingi.