MAKOHOZI YAMERUDI SAFI, LAKINI BADO UNAUMWA (Sehemu ya 7)

Juzi dada mmoja aliniandikia: "Nesi, nilipima makohozi wakasema sina TB. Mbona bado nakohoa na nazidi kukonda?" Nikamwambia arudi hospitali kesho yake asubuhi. Leo nawaeleza kwa nini sikumwambia asubiri.

Miaka kadhaa nyuma nikiwa zamu OPD, alikuja kijana wa bodaboda na mke wake. Kikohozi siku nne tu, homa za jioni, suruali ameifunga kwa kamba. Nikamuuliza palepale, "Una ugonjwa mwingine wowote, kuna dawa unatumia?" Akamtazama mkewe, akasema hapana. Makohozi yakapimwa kwa mashine ya GeneXpert, hakuna TB. Picha ya kifua nayo haikuonyesha cha kutisha. Akapewa antibiotiki, na mimi kwa mdomo wangu nikamwambia, "Shukuru Mungu, huna TB."

Wiki tatu baadaye aliletwa amebebwa. Mke alipotoka kwenda kulipia, kijana akaninong'oneza kwamba aliacha ARV mwaka mzima. CD4 ikarudi chini ya 100. Tukapima mkojo, TB hiyo hapo. Alianza dawa siku ileile, lakini alifariki siku ya tano.

Sasa nielewe vizuri. Mwili wenye kinga nzuri unapigana na TB, na vita hiyo ndiyo inayochimba matundu kwenye mapafu. Humo ndimo wadudu wanajaa na kutoka na makohozi. Kinga ikiporomoka, vita inakuwa hafifu. Matundu mara nyingi hayapo, makohozi yana wadudu wachache au hayatoki kabisa, picha inaweza kuonekana ya kawaida, kumbe TB imeshasambaa mwilini. Ndiyo maana kuna kipimo cha mkojo kinaitwa LAM, ambacho Shirika la Afya Duniani lilianza kukipendekeza mwaka 2015. Kinatafuta vipande vya ukuta wa mdudu wa TB, na jibu linatoka ndani ya nusu saa. Nacho kikisema hakuna, bado daktari anaangalia dalili zako.

Na si TB peke yake. Kuna nimonia ya fangasi aitwaye Pneumocystis. Kikohozi chake ni kikavu, mtu anahema hata akienda chooni tu. Akiwa amelala, kile kipimo cha kidoleni kinaweza kusoma oksijeni nzuri. Ukimtembeza hatua chache, inashuka. Kipimo cha makohozi cha TB hakiwezi kuiona, kwa hiyo mara nyingi daktari anaanza tiba kwa kuangalia dalili. Dawa yake ni Septrin kwa dozi kubwa, ya kupangiwa na daktari. Usijinunulie dukani!

Basi shika haya:

1. Kama unaishi na VVU, kikohozi cha siku yoyote kinatosha kuja kupimwa. Usingoje wiki mbili. Homa, jasho la usiku na kupungua uzito pia, hata kama hukohoi.

2. Tuambie kila kitu kinachoshusha kinga: ARV ulizoacha, dawa za saratani, prednisolone za muda mrefu, kisukari. Kama hutaki uliyekuja naye asikie, sema tu, "Nesi, naomba tuongee pembeni." Hatukuulizi kwa nini.

3. Umepimwa, huna kitu, na hupati nafuu? Rudi. Sema wazi kwamba umeshapimwa makohozi, uulize kama kipimo cha mkojo kinakufaa.

Na wauguzi wenzangu, yule kijana hakunidanganya mimi. Nilimuuliza mahali ambapo asingeweza kujibu. Siku hizi kabla ya swali hilo nawaomba ndugu watupishe dakika mbili, hata foleni iwe imefika getini.

Kama kuna mtu umemkumbuka ukisoma hapa, mpigie leo.