Bunduki ya babu

Najua nimewatupa mwezi mzima. Nilikuwa nyumbani Kisaka, Serengeti, na mtandao wa kwetu mpaka upande kichuguu. Sasa nimerudi hosteli, bumu bado halijaingia, kwa hiyo tupige stori.

Mnakumbuka niliwaambia babu amefariki? Basi likizo hii tukabomoa jiko lake la zamani. Juu darini, kwenye masizi, likadondoka gunia. Kufungua, bunduki! Chini yake, nyuma ya triga, ina mkono mrefu wa chuma wa kuvuta chini na kurudisha juu. Bibi akasema babu aliinunua kwa ng'ombe wawili kwa mtu wa upande wa Kenya, hata kabla hajamwoa yeye.

Mimi na Historia yangu nikapagawa. Nilishasoma habari za Stewart Edward White, mwindaji wa Kimarekani aliyetoka Nairobi akashuka mpaka Serengeti mwaka 1913. Kwenye safari zake za Afrika alibeba Winchester, nayo ina mkono kama huo. Nikajisemea, hii ni Winchester tu.

Nikanunua mafuta ya taa, stilwaya na msasa laini, hela yangu ya nauli ya kurudia chuo ikapungua. Siku tatu nasugua chini ya mwembe. Masizi yalipotoka upande wa kulia, yakatokea taji, herufi V.R., neno ENFIELD na mwaka 1887. Winchester wapi! Hiyo ni Martini-Henry, aina ambayo jeshi la Uingereza lilianza kuitumia mwaka 1871. V.R. ni Victoria Regina, yaani Malkia Victoria. Jamani, mpaka wa Waingereza na Wajerumani uliowakata Wakurya vipande viwili ulichorwa 1886. Bunduki ya babu ilizaliwa mwaka mmoja baadaye!

Na si kama Winchester inayobeba risasi kadhaa tumboni. Hii ni moja tu. Ukivuta mkono chini, chuma cha ndani kinashuka na kutupa ganda nje. Unaweka risasi nyingine kwa kidole, unarudisha mkono, tayari. Wetu ulikuwa umeganda kwa kutu. Siku ya tatu nikauvuta, ukaitika: klak!

Baba mdogo akafurahi kuliko mimi. Ng'ombe wa jirani walikuwa wameibwa wiki ile. Akasema kuna fundi wa magobore anaweza kuifanya ipige kwa laki mbili, na akaniomba nichangie bumu likitoka. Sitawadanganya wadau, nilikubali. Nilitaka kuisikia ikilia, hata mara moja tu.

Bibi alikuwa anachambua maharage. Aliposikia ule mlio aliacha ungo akaingia ndani. Usiku akaniita.

"Mjukuu wangu, unamjua aliyeishika mara ya mwisho?"

Nikasema babu.

"Si babu yako. Ni baba yako mkubwa."

Mimi nilikuwa najua baba mkubwa aliuawa akifuata nyayo za ng'ombe, miaka ya themanini mwanzoni. Sikujua alikwenda na nini. Bibi akasema wezi walikuwa na zile bunduki zilizozagaa baada ya vita vya Amin, za kumwaga risasi kama mvua. Mwanawe alipiga moja. Walimkuta mkono wa bunduki umevutwa chini, hajawahi kuurudisha juu. Babu akaifunga kwenye gunia, hakuigusa tena.

Asubuhi nilimwambia baba mdogo sitoi hela. Alininunia, hasa nilipomwambia tuipeleke kwa mtendaji. Nilijaribu kujitetea kwa mtendaji kwamba ni kitu cha makumbusho. Akaniuliza: ina mtutu? Ina triga? Basi ni silaha, na hamna kibali. Akauliza pia tulikuwa wapi mwaka 2022, Septemba na Oktoba, serikali ilipotoa msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari. Hapo baba mdogo akaanza kutokwa jasho. Na mimi pia, msinicheke. Nikaona mkopo, chuo, ualimu, vyote vinaishia rumande.

Askari walikuja kuichukua wenyewe. Tuliandika maelezo mpaka jioni, mzee wa ukoo akatusemea, wakatuachia na karatasi ya mapokezi. Baba mdogo bado hapokei simu zangu.

Usiku kabla hawajaja nilifanya kitu kimoja. Niliweka karatasi ya daftari juu ya zile alama nikasugua kwa penseli, kama tulivyokuwa tunafanya na sarafu shule ya msingi. Taji limetoka vizuri, mwaka pia. Nitaibeba kwenye mazoezi ya kufundisha, siku ya mada ya ukoloni. Ila bado sijajua kama wanafunzi nitawaambia na habari za baba mkubwa. Nyie mngewaambia?

Haya, nawahi semina. Mwenye noti za saikolojia ya elimu asinisahau.