Waliotoweka Nao Wahesabiwe

Nikisoma utafiti wowote kuhusu tiba ya uraibu, kwanza nawatafuta waliotoweka. Walianza wangapi? Wamebaki wangapi? Na hao wengine wako wapi?

Utafiti ninaourudia sana ulifanyika Stockholm, Uswidi, ukachapishwa 2003 katika jarida la Lancet. Watu 40 waliozoea heroini waligawanywa kwa kura. Ishirini walipewa buprenofini kila siku, mwaka mzima. Wengine 20 waliipata siku sita tu, ikipunguzwa, kisha wakaendelea na vidonge visivyo na dawa.

Kura inasaidia, maana daktari akiachiwa achague, huenda dawa akawapa wale anaoona watapona. Ila kuficha nani anameza nini, hapo ni ngumu. Mwili wenye arosto haudanganyiki. Mtu akishuku kidonge chake ni kitupu, anaondoka, na jibu lake linaondoka naye.

Mwaka ulipoisha, asilimia 75 ya waliopewa dawa walikuwa bado kwenye matibabu. Upande wa pili hakubaki hata mmoja. Lakini kuondoka hakukuwafuta kwenye hesabu. Wanne kati yao walikuwa wamekufa. Upande wa dawa, hakuna. Mgonjwa anaweza kukisia kidonge chake, lakini kifo hakikisii.

Niliwakumbuka hao wanne shangazi aliponionyesha kijikaratasi cha kituo fulani cha kurekebisha tabia. Alikuwa tayari kuuza ng'ombe wawili ili binamu yangu aache unga. Kijikaratasi kilisema karibu wote waliomaliza programu wamepona.

"Shangazi, soma tena hapa: *waliomaliza*."

"Sasa wasiomaliza si walijitakia wenyewe?"

Hapo ndipo hesabu inapotuchezea. Anayeacha tiba huenda amerudia unga, amefungwa, au amezikwa. Ukimtoa, hata kituo kisichosaidia mtu kitaonekana kinaponya. Kazi yake itakuwa tu kuwachosha walio hoi mpaka wajiondokee.

Kwa hivyo, kabla hujatuma hela popote, uliza: mwaka jana waliingia wangapi, na leo wako wapi, wote? Nani alithibitisha wamepona? Walipimwa mkojo, ama waliulizwa tu kwa simu? Kituo kikikosa majibu, ng'ombe wabaki zizini.