Kifurushi hiki hakina GB wala dakika

Ukimya wangu ulikuwa wa mafunzo kwa vitendo. Nilipangiwa Mbeya kufundisha hesabu na fizikia, sasa nimerudi Iringa na baridi nimeikuta palepale nilipoiacha. Bumu halijaingia, kwa hiyo ukitaja neno kifurushi bwenini kila mtu anawaza GB zinazokata saa sita usiku. Leo nawaletea kifurushi cha aina nyingine kabisa. Hiki ndicho kinachoamua kama kompyuta ya shule itawaka au itakwenda kwa wauza vyuma chakavu.

Shule niliyokuwepo (jina naliacha) ina chumba cha kompyuta chenye mashine 14 za msaada. Nilikikuta kina kufuli. Zote zilikuwa na Windows XP, ambayo matengenezo yake yalikoma Aprili 2014, na virusi vya flashi vilikuwa vimeshajenga mji humo ndani. Fundi mmoja alishawaambia wazitupe. Watoto wa kidato cha pili wakawa wanasoma kompyuta kwa kuchora kibodi kwenye daftari. Yaani mtoto anakutajia kazi ya kila kitufe, lakini hajawahi kukibonyeza hata kimoja. Iliniuma. Nikaomba ufunguo kwa mkuu wa shule, akanipa.

Nilikwenda na Debian kwenye flashi. Debian ni mkusanyiko wa programu huru ambao moyo wake ni kerneli ya Linux. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo, na wale wa ualimu mtanielewa haraka nikisema ni mwalimu wa zamu. Programu zote ni wanafunzi. Hakuna anayegusa diski, kumbukumbu au kioo bila kupita kwake. Yeye ndiye anayegawa muda wa prosesa na kuhakikisha huyu hakalii kiti cha yule. Mwalimu wa zamu asipofika, shule nzima inabaki paredi.

Kiini hiki kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu Helsinki, akiwa na miaka 21. Debian nayo ilianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, mwanafunzi wa Marekani mwenye miaka 20. Ni umri wetu huu huu, jamani. Lakini tofautisheni kazi zao. Torvalds na wenzake wanatoa msimbo, yaani maandishi ya programu, na toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi. Msimbo huo ni kama mahindi shambani, huwezi kuyala yakiwa bado kwenye bua. Lazima atokee mtu wa kuyavuna, kuyasaga na kuyafunga kwenye mifuko. Huyo ndiye mfungashaji.

Na kazi yake si ndogo. Kwanza anachagua toleo litakalotunzwa kwa miaka. Debian 12 ya mwaka 2023 ilichagua kerneli 6.1, na Debian 13 ya Agosti 2025 ikachagua 6.12. Halafu anapitia maelfu ya vipengele na kuamua kipi kiwemo: draiva ya kadi hii, mfumo wa mafaili ule. Anatengeneza vifurushi tofauti kwa aina tofauti za prosesa. Baada ya hapo haendi kulala, maana kila kasoro ya usalama ikigundulika anachukua rekebisho, analipandikiza kwenye toleo lile lile la zamani, anajenga upya na kukutumia. Hakubadilishii mambo mengine, ili kilichokuwa kinafanya kazi jana kiendelee kufanya kazi kesho.

Utunzaji huo niliuona kwa macho. Siku moja nasasisha mashine, kerneli mpya iko katikati ya kujifungua, umeme ukakatika. Watoto wakasema "Mwalimu, imekufa!" Haikufa. Kwa kawaida kerneli mpya haifuti ile iliyokuwa inatumika, zinakaa pamoja kwenye diski na majina yao yanatokea kwenye menyu ya kuwashia. Umeme uliporudi nikachagua ya zamani, mashine ikawaka, nikaandika dpkg --configure -a na kazi ikamaliziwa pale ilipokatikia. Kuna mtu ambaye hajawahi kuona umeme wa kwetu, lakini alishaifikiria siku ile.

Kwenye GB nako kuna unafuu. Kifurushi cha kerneli kina makumi ya MB. Ningekipakua kwa kila mashine ningemaliza hela ya chakula. Ukishakipakua kimoja kwa apt-get, kinabaki kwenye /var/cache/apt/archives. Nilikinakili kwenye flashi pamoja na vifurushi kinavyovitegemea, nikavipeleka kwenye mashine nyingine za aina ile ile.

Sasa tuje kwenye kidonda. Debian 13 haina tena kerneli wala kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, iliachana nazo mapema zaidi, kiasi kwamba toleo la 20.04 lilitoka bila kerneli ya biti 32. Kwa hiyo kwa Debian, toleo la 12 ndilo la mwisho kwa Pentium 4 nyingi za shule zetu. Matengenezo ya Debian 12, ukijumlisha na muda wa nyongeza, yamepangwa kuishia Juni 2028. Baada ya hapo mashine itawaka kama kawaida, ila matundu yake hayatazibwa tena.

Sikatai sababu zao. Wafungashaji wa Debian wengi wanajitolea. Kila aina ya prosesa inataka mtu wa kujenga, wa kujaribu na wa kujibu malalamiko, na watu wa biti 32 wamepungua. Lakini tazameni Land Rover kuukuu zinazopanda milima ya Rungwe na Makete. Zinatembea kwa sababu fundi yupo na spea zipo. Siku fundi wa mwisho akifunga gereji, gari litakufa hata kama injini ni nzima. Kompyuta ni hivyo hivyo. Nani alihesabu Pentium za Mbeya wakati uamuzi ule unafanyika? Hakuna, kwa sababu hatukuwepo.

Na msiniambie sisi hatuwezi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho Mkwawa yetu ni chuo kishiriki chake, kilikuwa na mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 ukatoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Kama watu wetu waliweza kufanya kompyuta iongee lugha yetu, kujaribu kerneli kwenye mashine za shule na kutuma taarifa ya kasoro ni kazi ya jioni moja. Si lazima uwe mwanaprogramu. Unahitaji kueleza kwa usahihi: mashine gani, toleo gani, ulifanya nini, kikatokea nini. Sisi tunaosahihisha ripoti za maabara hilo tunaliweza.

Matokeo? Kati ya zile 14, tano zilikuwa Core 2 Duo, ambazo ni za biti 64 ingawa miaka yote zilibebeshwa XP ya biti 32. Hizo zimepata Debian 13. Tisa ni Pentium 4 za biti 32 tupu, nimezipa Debian 12 na nimemwachia mwalimu wa somo tarehe ya mwisho, imeandikwa kwa maka ukutani. Kufuli limetoka. Watoto wawili wawili kwa mashine, wanagombania kibodi halisi.

Ombi langu kwa mnaokwenda mafunzo kwa vitendo awamu ijayo: kabla hujakubali neno "chakavu", washa mashine kwa flashi ya Debian 12 ya biti 32, andika lscpu, soma mstari wa aina ya kazi za prosesa. Ukiona 64-bit, hiyo mashine bado ina miaka. Ukiona 32-bit peke yake, ujue ina hadi 2028, na ujue kuna kiti cha mfungashaji kiko wazi. Anayetaka kujifunza anikute maktaba Jumamosi. Flashi aje nayo mwenyewe, yangu imeazimwa na haijarudi.

Nawasilisha.