Swali la Mama Mdogo: Nani Hulipa Gharama ya Kujitolea?

Kwa zaidi ya miaka kumi nimesimama mbele ya wanafunzi na kuwaambia kwamba moyo wa kujitolea ndio mhimili wa afya ya msingi nchini mwetu. Nilianzia Azimio la Arusha la 1967, nikapita kwa wahudumu wa afya wa vijijini walioandaliwa enzi za ujamaa, nikaishia katika Azimio la Alma-Ata la 1978, lililowatambua watu wa aina hiyo duniani kote. Julai iliyopita mama yangu mdogo aliitikisa hoja hiyo kwa swali moja.

Mama mdogo anaishi katika kijiji cha mwambao wa Ziwa Nyasa, kaskazini mwa Liuli. Eneo hilo sasa ni Wilaya ya Nyasa, ingawa wazee wangali wakisema wako Mbinga, wilaya mama. Amekuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwa miaka kumi na minne. Mkutano wa kijiji ulimchagua kwa sababu tatu: anajua kusoma na kuandika, haogopi kutembea usiku, na siri haimtoki. Sifa ya tatu ina uzito kuliko zote, kwa kuwa kwetu mimba changa haitangazwi. Mwanamke huificha kwanza, na miezi ambayo angepaswa kuwa ameanza kliniki hupita akiwa kimya.

Nilimwomba nifuatane naye jioni moja. Tulifika kwa binti wa miaka kumi na tisa, mwenye mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa amepanda milimani Umatengo kuchuma kahawa. Nilitarajia mama mdogo afungue daftari na kuuliza kuhusu kliniki. Badala yake aliinama kumsaidia binti kuanua usipa kwenye chanja, akamuulizia mama mkwe, akasifu mavuno ya mihogo. Kisha, kama mtu asiye na haraka, akauliza: “Zile bangili zako mbona sizioni?”

Binti akajibu kwamba amezivua, zinambana. Mama mdogo akauliza kama analala vizuri. Hapana, kichwa kinamgonga siku ya tatu sasa.

Hapo ndipo sauti ya mama mdogo ilipobadilika. Kuvimba mikono na kuumwa sana kichwa ni dalili za hatari kwa mjamzito. Mwera ulikuwa ukivuma na ziwa limechafuka, hakuna mwenye mtumbwi ambaye angethubutu. Tulitembea naye hadi zahanati. Muuguzi akampima shinikizo la damu, akalikuta juu mno, akapiga 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Gari la mtu binafsi, aliyesajiliwa katika mfumo huo, likaja likamchukua hadi hospitali.

Dereva wa namna hiyo hulipwa kwa safari yake, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Muuguzi ana mshahara. Mimi nilikuwa likizoni, na mshahara wangu uliingia mwisho wa mwezi kama kawaida. Aliyeziona bangili zisizokuwepo alirudi kwa miguu gizani, akawasha moto na kuanza kupika.

Nikamwambia, kwa dhati kabisa: “Mama, moyo wako wa kujitolea ni hazina ya taifa hili.”

Akakoroga ugali. “Na wewe, mwanangu, huko chuoni unajitolea?”

Hakuwa na kejeli. Alitaka kujua. Nami, mwenye shahada ya uzamivu, sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nazisoma takwimu kwa jicho jingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Wanaojifungulia katika vituo vya afya wameongezeka kutoka asilimia 63 hadi 81. Haya ni mafanikio makubwa. Lakini vifo vya watoto wachanga, yaani walio chini ya siku 28, vilitoka 25 kwa kila vizazi hai 1,000 hadi 24. Karibu havikusogea.

Hospitali zina sehemu yao katika hilo: oksijeni, dawa, wauguzi wa kutosha usiku. Hata hivyo mama na mtoto huruhusiwa kurudi nyumbani mapema, na wiki ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Ndiyo maana mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walihimiza mtoto mchanga atembelewe nyumbani katika wiki hiyo. Mtu fulani lazima abishe hodi, aangalie kama mtoto ananyonya, kama ana joto, kama kitovu hakijapakwa kitu. Katika kijiji chetu mtu huyo ana baiskeli ya mradi uliokwisha zamani. Mradi uliacha baiskeli, haukuacha vipuri.

Serikali imeliona jambo hili. Tarehe 31 Januari 2024 ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Naunga mkono mpango huo. Kwenu watumishi wa umma mtakaousimamia nina maswali mawili. Je, malipo ya watu hawa yatakaa katika bajeti yetu wenyewe, au yatakwisha pamoja na fedha za mfadhili? Na mwanamke aliyeishia darasa la saba, lakini anajua kuuliza habari za bangili, atapewa nafasi gani mbele ya kijana mwenye cheti ambaye hajui mlango upi hubishwa kwa upole?

Kumlipa mtu hakuui moyo wake. Ninyi wanafunzi wangu mnajua kwamba mshahara haujanizuia kuipenda kazi yangu. Tuliloliita kujitolea limekuwa, kwa sehemu kubwa, gharama ya mfumo wa afya iliyobebeshwa mwanamke maskini kuliko wote katika mnyororo huo.

Binti yule alijifungua salama hospitalini. Mama mdogo alinipigia simu kunieleza kwamba amekwisha kumtembelea mara mbili tangu aliporudi nyumbani, kwa miguu, kwa kuwa tairi la nyuma limepasuka. Nimemtumia fedha za tairi. Najua hiyo si sera.