Stelingi Alipokufa Kivinje

Kwenye kibanda cha video sheria ilikuwa moja: stelingi hafi. Apigwe, afungwe kamba, adondoke kutoka kwenye helikopta, mkanda ukiisha lazima awe amesimama. Ndiyo maana PlayStation ilipoletwa kibandani kwetu Kilwa Kivinje, watu wazima hawakuielewa. Kijana kashika pedi, kwenye runinga yuko mtu yuleyule wa kwenye mkanda, na haijatimia dakika kauawa na mlinzi asiye na jina. Kafufuka, kauawa tena palepale mlangoni. "Huyu siye," mzee mmoja alisema, akainuka kwenda kuswali. Ndiyo hukumu ya kwanza ya gemu niliyowahi kuisikia, na mpaka leo naona ilikuwa na hoja.

Sisi vijana, miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, tulipima kwa kufanana. Sura ifanane, gari lifanane, adui awe na kovu palepale. Gemu iliyotusumbua zaidi kwa kipimo hicho ni ile ya Street Fighter iliyotoka mwaka 1995. Hebu fuata msururu wake: ilianza gemu ya kupigana ya Wajapani, ikatengenezewa filamu yenye Jean-Claude Van Damme, kisha filamu ikatengenezewa gemu, humo wapiganaji wakiwa picha halisi za waigizaji wenyewe. Van Damme kwetu alikuwa mtu mkubwa, na hapa yupo kabisa, misuli yake, bereti yake. Kwa kufanana ilikuwa namba moja. Kwa kuchezeka, hapana: mateke yalikuwa mazito, mwili ukikatika vipande kila anapogeuka. Tulijilazimisha kuipenda.

Kilichoharibu mizani yetu ni kwamba filamu tuliyoijua haikuwa ya Hollywood peke yake. Ilikuwa pia ya Lufufu. Yeye ndiye aliyeingiza sauti yake juu ya mikanda ya mapigano, akaeleza nani anamfuata nani na kwa nini, akamtania adui, akamhurumia mama mzazi wa stelingi. Mtu alikuwa anakusimulia filamu nzima kwa maneno ya Lufufu na hajui sentensi moja ya mwigizaji. Sasa weka gemu: Kiingereza tupu, maandishi yanapita mbio, hakuna wa kukwambia ufunguo uko wapi. Ikabidi Lufufu apatikane humohumo kibandani. Kila kibanda kilikuwa na dogo mmoja aliyesimama nyuma ya mchezaji akitafsiri, nusu akijua na nusu akitunga. Akiwa hayupo, gemu ileile iliyosifiwa jana leo inaitwa mbovu.

Mwenye kibanda naye alikuwa na kipimo chake, kilichotuzidi sote nguvu. Mpira unaingiza fedha: wawili wanakaa, mechi inaisha, aliyefungwa analipa na kumpisha mwingine. Gemu ya filamu ni ya mtu mmoja, ina hadithi ndefu, na wengine wanabaki watazamaji wasiolipa. Kwa hiyo tuliicheza kwa muda wa kukodi, bila memori kadi, na muda ukiisha kila kitu kinafutika. Tukazijua sehemu za mwanzo za gemu hizo kama vyumba vya nyumbani. Mwisho wake hatukuuona. Umeme nao ulikuwa wa jenereta, wa kukatika ghafla. Na kinaya chake: mwaka 2004 gesi ya kisiwa cha Songosongo ilianza kufua umeme Dar es Salaam, na kisiwa chenyewe kiko wilayani kwetu.

Enter the Matrix niliihukumu hivyohivyo, kwa mwanzo wake. Ilitoka Mei 2003, siku moja na filamu ya pili ya Matrix, na waandishi wa filamu ndio walioiandikia hadithi. Kwetu ilifika kwa basi, diski ya kuchoma, imeandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito. Tunaiwasha: tuko posta. Tunapewa kuchagua Niobe au Ghost. Kibanda kizima kikauliza, Neo yuko wapi? Neo hachezeki. Ilikuwa kama kualikwa harusini ukakuta bwana harusi katuma wajumbe. Baadaye sana ndipo nilipofahamu kwamba watengenezaji walitaka gemu ijaze pengo la filamu badala ya kuirudia. Wazo zuri. Lakini ukikimbilia tarehe ya sinema, kasoro hazisubiri.

Tarehe ndiyo ugonjwa wenyewe wa gemu hizi, tangu enzi za Atari. Mwaka 1982 Howard Scott Warshaw alipewa kama wiki tano kutengeneza gemu ya E.T. ili iwahi Krismasi. Mwaka uliofuata kampuni ikafukia shehena ya kaseti zake jangwani New Mexico, na mwaka 2014 baadhi zikafukuliwa. GoldenEye, ambayo Kilwa sikuwahi kuiona, ilitoka mwaka 1997, karibu miaka miwili baada ya filamu yake. Ilichelewa, na inasifiwa hadi leo.

Iliyonibadilisha mimi ni Spider-Man 2, ya mwaka 2004, kwenye PlayStation 2. Katika gemu ya filamu ya kwanza utando ulirushwa juu ukanasa hewani, haijulikani wapi. Katika hii, Jamie Fristrom na wenzake walitaka unase kwenye jengo la kweli. Pasipo na ghorofa huna pa kuning'inia. Basi unashika kitufe, unabembea, unaachia, unaruka juu ya mtaa mzima, tumbo linapanda. Hadithi ya filamu tuliiacha. Watu walilipia muda wao wabembee tu, na dogo mtafsiri akakosa kazi. Sura ya stelingi? Kavaa kinyago, nani atajua. Kuanzia hapo, mtu akiniuliza kama gemu ya filamu ni nzuri, namuuliza mikono yake inafanya nini.

Vibanda vimebaki vichache, simu zimechukua nafasi, na siku hizi mto umegeuka: filamu na tamthilia ndizo zinazotengenezwa kutokana na gemu, kama The Last of Us ya mwaka 2023.

Majuzi mtoto wa dada yangu, aliyekuja likizo Kilwa Masoko na kompyuta yake, aliniita nione kitu. Ni Civilization VI. Tangu mwaka 2018 mchezaji anaweza kujenga humo Kilwa Kisiwani, kwenye ardhi tambarare iliyopakana na bahari. Nikasogeza kiti. Nikaanza kukagua kuba na kuta, nikitafuta Msikiti Mkuu, nikitafuta kasri la Husuni Kubwa, nikimwambia upande huu sivyo ulivyo.

"Mjomba," akasema, macho kwenye skrini, "ukimaliza kuijenga unapewa wajumbe watatu. Hao ndio ninaowataka."

Nilimwomba asiijenge haraka.